VPN ya nyumbani: nyumba gani?



Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana kati yetu, zaidi tangu X na TikTok vilipozibwa mu inchi yetu mwanzoni mwa 2025. Unasema hivi: usitupe simu yako ya zamani. Iache nyumbani ikiwa kwenye chaja, weka programu moja ndani, na tayari imekuwa seva ya VPN. Utakuwa Uvira, Bukavu ao Kampala, intaneti yako itapita kwanza nyumbani kwenu Kiringye, kisha njo itatoka kwenda ulimwenguni. Hautalipa kampuni yoyote. Hakuna atakayekuona. Hakuna atakayekuziba.

Huu ushauri nimeusikia kwa video, kwa maandishi na kwa sauti za WhatsApp za dakika tano. Leo naomba tuusikilize kama vile juri inavyomsikiliza mwanafunzi anayetetea kazi yake ya mwisho. Kwanza tutoe pongezi zinazostahili, halafu tuulize maswali ambayo yeye hakujiuliza. Sitafundisha namna ya kuweka programu; hiyo wengi wanaifundisha vizuri. Naangalia kitu kimoja: je, maneno haya yanasimama yakifika kwetu, mu bonde la Ruzizi?

Pongezi kwanza, juu haiko uongo wote.

Ni kweli simu inaweza kufanya hiyo kazi. Simu ya Android ni kompyuta kamili, na inakula umeme wa wati chache tu, kidogo sana kuliko kompyuta ya mezani. Ni kweli pia kwamba ufundi wenyewe umekuwa mwepesi. WireGuard, njia ya VPN ambayo programu nyingi za leo zinaisimamia, iliandikwa kwa mistari ya kodi karibu 4,000 tu, na Machi 2020 iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. Programu kama Tailscale imejengwa juu ya WireGuard, na inaruhusu simu ya Android kuwa mlango wa kutokea kwa vifaa vyako vingine bila kuivunja simu. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuipanga kwa nusu saa. Hapo mtoa ushauri apewe pointi zake zote.

Tena nia ni nzuri. Dunia ilitoa takataka za umeme tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake njo ilikusanywa na kutengenezwa upya kwa njia inayojulikana. Mtu anayesema "usitupe" anasema jambo la maana.

Sasa maswali.

Swali la kwanza: simu ya zamani iko wapi?

Ushauri unaanza na sanduku. Inaonekana huko ulikotoka, kila nyumba iko na droo yenye simu mbili tatu zimelala, zinangoja kazi. Kwetu hakuna hiyo droo. Mkubwa akipata simu mpya, ile ya zamani inaenda kwa mama. Mama akipewa ingine, ile inashuka kwa mdogo anayesoma. Kioo kimepasuka, betri inakaa saa mbili, lakini iko na mwenyewe, na iko kazini: inapokea pesa, inaita pikipiki, inasikilisha habari. Ukiifunga kwenye ukuta iwe seva, kuna mtu mu nyumba umemnyang'anya simu.

Na seva ya nyumbani kwetu inahitaji kadi yake ya SIM, juu nyumba nyingi za Kiringye hazina intaneti ya waya. Tusisahau haraka: kati ya Septemba 2020 na mwanzo wa 2022 kila simu mu inchi hii ilikuwa inalipishwa ile kodi ya RAM, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, ikikatwa kwenye unité bila kuulizwa. Watu walilia paka ikaondolewa. Wakati ule, mwenye simu mbili alilipa mara mbili. Njo maana kwetu neno "simu ya ziada" haliko neno la bure.

Swali la pili: nani analipa mamega?

Hapa njo ushauri unanyamaza kabisa, na hapa njo mfuko wa mwanafunzi unatoboka. Tupige hesabu pamoja.

Uko Uvira, unataka kuona video ya mega 100. Bila VPN, unakula mega 100 kwenye kadi yako. Basi. Sasa upitie simu iliyo Kiringye. Ile simu inapakua kwanza mega 100 kutoka intaneti. Kisha inakutumia wewe zile mega 100. Kwa kadi ya nyumbani hiyo ni mega 200, juu kampuni ya simu inahesabu zinazoingia na zinazotoka. Wewe nawe Uvira unapokea mega 100. Jumla 300, na kidogo juu yake kwa sababu ya kufunga kila pakiti kwa siri. Video moja, bei tatu.

Mu Ulaya mtu analipa intaneti ya nyumba kwa mwezi, atumie asitumie bei ni ile ile. Kwake hiyo hesabu haipo, njo maana hakuiandika. Sisi tunanunua mega kwa siku, kwa wiki, wakati mwingine kwa saa. Ushauri unaosema "ni bure" bila kuonyesha hesabu hii haujafika kwetu bado.

Swali la tatu: nani atabonyeza?

Simu iliyoachwa nyumbani inaishi kwa umeme. Vijiji vingi vya bonde vinaishi kwa paneli ndogo za jua, ao simu inapelekwa kuchajiwa kwa mwenye duka. Sema paneli iko. Mvua ikinyesha siku mbili, betri inaisha, simu inazima. Jua likirudi, chaja inafanya kazi, alama ya betri inaonekana kwenye kioo, lakini simu nyingi haziwaki zenyewe. Zinangoja kidole cha mtu. Wewe uko Uvira, seva yako imelala Kiringye, na bibi aliyebaki nyumbani hajui kama kile kitu cheusi ukutani kinahitaji kuamshwa.

Kuna na hatari. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa usiku na mchana, ndani ya joto la bonde letu, chini ya bati, inavimba. Ikivimba sana inaweza kushika moto. Simu iwekwe mahali penye hewa, mbali na godoro na nguo, na kama inaruhusu, ichajiwe paka asilimia 80. Onyo hilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa kila video. Katika nyingi nilizoziona halipo.

Na simu ikiwa ya zamani sana, haipokei tena marekebisho ya usalama. Yaani unachukua mlango dhaifu kuliko yote ya nyumba, unaufanya kuwa mlango mkubwa.

Swali la ine: rezo itakubali?

Nitapita haraka. Njia ya zamani ya kufanya seva ilidai nyumba iwe na anwani yake ya wazi kwenye intaneti. Kadi za simu hazina. Kampuni inagawa anwani moja kwa wateja wengi, kama plot moja yenye familia nyingi: barua inafika kwenye geti, lakini haijui mlango gani. Njo maana anayefuata video ya zamani ya WireGuard anaweka kila kitu sawa na bado haipiti. Tailscale na ndugu zake wanazunguka hilo kwa kufanya simu zote mbili ziite nje, zikutane kwa msaada wa seva ya katikati. Inafanya kazi. Lakini tujue basi kwamba neno "bila kampuni yoyote" haliko kweli: seva ya katikati ni ya kampuni, na kujiandikisha kunapita kwenye akaunti yako ya Google, Microsoft ao ingine kama hizo.

Hayo mane yanaweza kupata dawa. Mtu mwenye pesa kidogo na paneli nzuri atayashinda. Swali la tano halina dawa ya pesa.

Swali la tano: nyumba gani?

Mbele ya kizuizi, VPN inafanya kitu kimoja tu. Inakutoa mahali uliko, inakupeleka mahali seva iliko, na huko njo unatokea. Haifanyi zaidi. Seva ikiwa Nairobi, ulimwengu unakuona kama mtu wa Nairobi. Ikiwa Kiringye, ulimwengu unakuona kama mtu wa Kiringye.

Sasa niambieni: mu Kiringye, X ilikuwa wazi?

Amri ya kuziba inatoka juu, inafika kwa makampuni ya simu, na yanaitekeleza kwa wateja wote. Kadi iliyo Uvira na kadi iliyo Kiringye zinakunywa kwenye mto mmoja. Ukitoka kwenye chumba kilichofungwa ukaingia kwenye chumba kingine cha nyumba ile ile iliyofungwa, haujatoka. Umetembea tu. Na umelipa mara tatu.

Huyu mtoa ushauri hakudanganya. Kwake, nyumbani ni mahali penye intaneti iliyo huru na nje njo kwenye hatari: Wi-Fi ya hoteli, ya uwanja wa ndege, ya kahawa. Anataka kurudi nyumbani juu nyumbani ni salama. Kwetu mambo yamegeuka. Tatizo haliko Wi-Fi ya kahawa. Tatizo liko ku nyumba yenyewe. Ushauri ule ule, ukivuka bahari bila kubadilishwa, unampeleka mtu ndani ya kile alichokuwa anakimbia.

Tutofautishe pia kuziba na kukata, juu watu wanachanganya. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, kilichofanyika ni kuziba: intaneti ilikuwepo, X na TikTok zilifungwa. Hapo VPN yenye mlango nje ya inchi inasaidia. Lakini tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa karibu yote, na ilirudi karibu wiki tatu baadaye, kwenye 20 Januari 2019. Januari 2015 pia, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, ilikatwa. Siku ya kukata, hakuna VPN ya bure, ya kulipa, ya simu ya zamani wala ya simu mpya inayofanya kitu. Barabara ikivunjika, haijalishi uko na gari gani. Anayekuahidi kwamba "hakuna atakayekuziba" ameahidi kisichokuwa chake.

Kama siyo Kiringye, wapi?

Mwenye akili atasema: basi niweke simu ya zamani kwa ndugu aliye nje. Hilo ni wazo zuri kuliko la kwanza, na njo linalostahili kuzungumzwa kwenye ukurasa huu, juu sisi tuna ndugu kila mahali. Lakini tuangalie milango ya majirani mmoja mmoja.

Bujumbura iko karibu kuliko wote. Lakini mwisho wa Aprili 2015, maandamano yalipoanza, WhatsApp, Facebook na Viber zilizibwa huko kwenye simu. Kampala je? Facebook imezibwa Uganda tangu Januari 2021, na mwezi ule ule wa uchaguzi intaneti yote ilikatwa kwa siku kadhaa. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma? Tanzania ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. X ikazibwa Mei 2025. Na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ikakatwa. Nairobi wengi wanaiona kama pahali pa uhuru, na kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini Novemba 2024 Telegram ilizibwa huko wakati wa mitihani ya sekondari.

Sisemi kwamba inchi hizi ni sawa. Nasema kila nyumba iko na mlango wake na mwenye kuufunga. Bahati yetu ni kwamba hazifungwi siku moja. Kwa hiyo mwenye kutegemea nyumba moja tu amejitegea mwenyewe.

Na yule anayeishi karibu kabisa na Ruzizi, ambaye simu yake inashika rezo ya Burundi, hahitaji seva wala video. Kadi ya ng'ambo inamtosha.

Mwenye nyumba njo anabeba mzigo

Hapa naomba tuende pole pole, juu hapa njo kuna kitu kizito kuliko mamega.

Ukipita kwenye simu iliyo kwa kaka yako Nairobi ao kwa shangazi yako Marekani, kila unachofanya kinatoka kwa jina lake. Ukipakua filamu ya wizi, barua ya onyo inafika kwake. Ukiandika tusi ao uongo wa vita, mtandao utaona anwani ya nyumba yake. Shangazi ni mkimbizi aliyengoja miaka mingi kambini ndipo apewe kukaa kule. Karatasi zake bado hazijaisha. Yeye alikubali tu kuacha kasimu kwenye dirisha la jikoni juu ulimwambia "ni ya kusoma". Ushauri unaozunguka hauna hata sentensi moja juu yake. Unazungumza juu ya simu, programu, kasi. Mtu mwenye nyumba hayumo.

Upande wa pili pia upo. Mwenye mlango anaweza kujua unaenda wapi. Kurasa nyingi leo zimefungwa kwa siri, hataona ulichoandika kwa benki yako, lakini akitaka ataona majina ya mahali unapoingia. Na ile "hakuna atakayekuona" inageuka kuwa: kampuni ya simu haioni tena, ndugu yako njo anaona. Kwa wengine hiyo ni afadhali. Kwa dada anayetafuta msaada wa jambo ambalo hataki ukoo ujue, ni mbaya zaidi. Kila mtu ajibu mwenyewe: najificha kwa nani?

Mtasema, basi tuchukue zile VPN za bure kwenye simu. Hapo ninakubaliana na mtoa ushauri kwamba kuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2016 watafiti walichunguza programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilionyesha dalili za programu haribifu, na asilimia 18 hazikufunga kitu chochote kwa siri. Facebook ilinunua VPN iitwayo Onavo mwaka 2013, ikaitumia kuangalia watu wanatumia programu zipi, paka ikafungwa 2019. Na Hola, iliyopendwa sana juu ni ya bure, mwaka 2015 ilijulikana kwamba intaneti ya watumiaji wake ilikuwa inauzwa: simu na kompyuta zao zilikuwa milango ya kutokea ya watu wasiowajua. Yaani waligeuzwa kuwa shangazi wa jikoni bila kuombwa ruhusa.

Zote haziko hivyo. Ziko VPN za bure zinazoheshimika, na Psiphon na Tor vinasaidia siku za kuzibwa. Lakini kila moja inarudi kwenye swali lile lile: nyumba gani, na mwenye nyumba ni nani?

Uamuzi wa juri

Kama kazi ya ufundi, ushauri huu unapita. Kama ushauri kwa mtu wa Kiringye, haupiti bila kuandikwa upya.

Ungeandikwa hivi. Kwa aliye nje na anataka kufikia faili zake za nyumbani, ao huduma inayokubali tu anwani za Congo, simu iliyo Kiringye inafaa, kama mamega yapo na kuna mtu wa kuibonyeza. Kwa anayeogopa Wi-Fi ya watu, inafaa pia, ajue tu bei ni mara tatu. Kwa anayetaka kupita kizuizi cha inchi, simu iliyo Kiringye haifai hata kidogo. Anahitaji mlango nje, na mlango nje ni mtu.

Kwa hiyo nawaomba wahitimu wetu mlio nje, mnaosoma ukurasa huu: wengi wenu njo mko na ile droo ya simu zilizolala, na intaneti isiyohesabiwa kwa mega. Kama mmoja wenu anataka kufungua mlango, afungue kwa watu wachache anaowajua kwa sura, watano sita, siyo kwa grupu lote. Aweke masharti mbele: hakuna filamu za wizi, hakuna matusi, hakuna kugawa ufunguo kwa rafiki wa rafiki. Aulize sheria za pale alipo. Kama nyumba haiko yake, amwambie mwenye nyumba ukweli wote, siyo "ni ya kusoma" tu. Na apange mapema, juu siku ya kuziba haiko siku ya kutafuta programu.

Na sisi tulio huku, tukiomba mlango, tuombe kama mtu anayeomba kulala kwa watu. Anavua viatu, anasalimia, anajua kwamba akivunja kitu usiku, asubuhi ataulizwa mwenye nyumba.